Nusu Mita kwa Siku

Jumatatu, 3 Machi

Niwie radhi, daftari. Miaka kumi na moja sijakufungua. Nilikuweka kabatini, chini ya shuka za wageni, nikajiambia kwamba mtu aliyestaafu hana la kuandika. Si kweli. Nilikuwa nalo, ila sikutaka kuliona kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Leo nimekutoa kwa sababu ziwa linakauka.

Si ziwa la asili. Ni shimo la machimbo ya mawe. Wachimbaji waliondoka, chemchemi ikalijaza, nasi wa chama cha wazamiaji tukaligeuza darasa. Sasa mwenye shimo analitaka shimo lake. Barabara zinajengwa, kokoto zinatakiwa. Amefunga pampu mbili kubwa, na wiki tatu sasa zinavuta.

Nimekwenda kuona. Fundi wa pampu ni mtu wa makamo, mwenye tumbo na maneno. Amepigilia kibao: HATARI USISOGELEE MAJI YANASHUKA. Hakuna nukta wala mkato! Nimeomba rangi, nikarekebisha. Akacheka. Ati maji yenyewe hayajui kusoma.

Vipimo nilivyovichora kwenye ukuta wa mwamba bado vinasomeka. Kumi na moja. Yaani mita kumi na moja za maji zimekwenda. Jukwaa la mita sita, walipopigia magoti wanafunzi wakijifunza kuvua miwani na kuivaa tena, lina mbuzi juu yake. Basi bovu tulilolizamisha kwenye mita tisa limekaa juani, tope madirishani, kama mgonjwa aliyetolewa nje aote jua.

Nusu mita kwa siku, asema fundi. Pampu hazilali.

Nimepiga hesabu njiani. Sikulipenda jibu.


Jumatano, 5 Machi

Kumi na mbili.

Niandike sasa, kabla mkono haujaghairi.

Chini kabisa, mita ishirini na mbili, limelala boti la zamani la doria. Wazamiaji walilipa jina: Mamkwe. Unamzunguka kwa adabu, hushiki kitu chake, na chumbani huingii mpaka uruhusiwe.

Chombo hakizamishwi hivihivi. Mafuta hutolewa, nyaya huvutwa zote, vioo huondolewa, na kila mlango hung'olewa pamoja na bawaba zake, ili mzamiaji aliye ndani auone mwanga wa kutokea, popote alipo. Mkaguzi nilikuwa mimi. Orodha yangu ilikuwa na vipengele arobaini na kimoja. Nilikagua arobaini. Chumba cha injini kilikuwa chini, ngazi yake ilikwisha kukatwa, kreni inanguruma, wageni wa sherehe ya kulizamisha wamekwisha kuketi na miavuli yao. Nilisimama juu ya tundu nikauliza. Mchomeleaji aliyepewa kazi ya kung'oa milango akanijibu kutoka upande wa pili wa boti: "Tayari, Mwalimu!" Nikatia alama ya vema.

Mlango haukung'olewa. Ulikuwa umefungwa kwa waya ili ukae wazi.

Waya ule ulidumu miaka sita.

Mdogo wa mke wangu, yaani shemeji yangu, ndiye aliyekuwa mwalimu bora wa kuzamia hapa. Alimpeleka binti mmoja, wa mwisho katika kozi yake, ajifunze kufuata kamba ndani ya chombo. Alichagua chumba cha injini kwa sababu cheti changu cha ukaguzi kilisema hakina mlango. Akatangulia kutoka ili aishike kamba. Mtungi wa binti ukaugusa mlango. Waya uliooza ukakatika, mlango ukajifunga kati yao. Shemeji alipigana nao kwa mikono mitupu. Ulipofunguka, hewa ya binti ilikuwa imekwisha.

Alimtoa yeye mwenyewe. Hakuna mwingine aliyeshuka.

Kamati ya chama ilimsikiliza, kisha ikafungua cheti. Mlango hakuna! Basi mtu huyu ni mwongo. Alimwacha mwanafunzi akapotea gizani. Mwishowe walimnyang'anya leseni.

Hilo si lote. Lakini leo limenitosha.


Ijumaa, 7 Machi

Kumi na tatu. Mifupa ya ndege ndogo tuliyoizamisha mwaka wa tatu imetokeza. Bawa moja limevunjika, sijui lini.

Nimalizie.

Shemeji alilia mbele ya kamati, akaapa kwa kaburi la mama yake. Mwenyekiti akaingiwa na shaka. Akanituma mimi, mkaguzi, nishuke nikahakikishe. Nilishuka peke yangu, jambo ninalolikataza katika mwongozo niliouandika, ukurasa wa nne. Tope lilikuwa bado limetibuka. Sikuweza kuuona mkono wangu. Nilikwenda kwa kupapasa: fremu, kisha msumari, kisha bawaba ya kwanza. Bawaba ya pili. Nikavuta, na mlango ukanijia taratibu, mzito, kama mtu aliyeitwa.

Nilikaa pale mpaka kipimo cha hewa kikaniamuru nipande.

Nikaandika: Nimekagua kwa mikono. Mlango hakuna.

Maneno matano, herufi zimekaa vizuri mstarini. Nilipendekeza pia boti lifungwe kwa mnyororo, mtu asilikaribie tena, kwa usalama. Wote wakasema hiyo ni busara. Jioni ile nilikufunga wewe nawe.

Sikufanya hivyo kwa ajili ya mshahara. Sikuwa na njaa. Watu walikuwa wakisema, "Likipita mkononi mwa Mwalimu, limepita." Nililipenda sana neno hilo. Basi.

Ncha ya juu ya mlango ule iko kwenye kina cha mita kumi na nane.


Jumapili, 9 Machi

Kumi na nne.

Shemeji amekuja kula, kama kila Jumapili. Tangu avuliwe leseni anaziba pancha kwenye kibanda karibu na kituo cha mafuta. Huwa anaingia kimya, anakula, anamsaidia dada yake kuosha vyombo, anaondoka. Leo ameingia anaimba!

"Shemeji! Umesikia? Mamkwe anavuliwa nguo!"

Mke wangu akamkemea. Hayo si maneno ya mezani. Naye akamjibu kwamba mezani kwa shemeji yake hakuna jambo lisilosemeka, na kama dada yake hataki aende akale na kuku.

Anakwenda machimboni kila jioni, akishafunga kibanda. Amehesabu kama mimi. Jumatatu ya tarehe kumi na saba, saa tano hivi asubuhi, mlango utachungulia. Anataka niwepo. Nikauliza kwa nini mimi. Akanitazama kama niliyeuliza kwa nini maji yana unyevu.

"Wewe ndiye mkaguzi! Wewe ulidanganywa, Shemeji. Mchomeleaji alikudanganya. Miaka yote hii nawaambia watu: msimguse yule mzee, yule hata koma hakosei, atawezaje kusema uongo? Alidanganywa tu."

Hajui kwamba nilishuka mara ya pili. Kamati ilimsomea hukumu, haikumsomea ripoti. Ripoti imo kwenye faili, na sahihi yangu chini yake.

Nilikunywa maji. Mke wangu akaniongezea chakula bila kuniuliza.

Alipoondoka, mke wangu alisimama dirishani muda mrefu. Akasema hajamwona mdogo wake akitembea hivyo tangu msiba ule. Kisha akauliza: wakiuona huo mlango, watamrudishia nini? Shemeji ana miaka hamsini na minane. Sikio lake la kushoto lilipasuka siku ile alipopanda na binti mikononi. Hata akipewa leseni, hawezi kuzama zaidi ya kina cha ndoo.


Jumanne, 11 Machi

Kumi na tano. Paa la kibanda cha nahodha limetoka majini. Watu wamekuja kupiga picha. Mwanamke mmoja ameuliza kama kuna waliokufa humo. Fundi wa pampu akamjibu kwamba samaki tu.

Akaniona, akapiga kelele: "Mzee, mamkwe wako ametoa kichwa! Msalimie basi!"

Baadaye aliniletea ndoo aliyoigeuza kiti, akaketi chini kando yangu. Akasema baba yake naye alikuwa hivi, hacheki mpaka akumbushwe. Akauliza kama nina mtu ndani ya maji yale. Nikasema ndiyo. Akavua kofia.

Nilitaka kumwambia kwamba mtu huyo ni mimi. Maneno ya kipuuzi. Nimeyaandika ili niyaone yalivyo ya kipuuzi.


Alhamisi, 13 Machi

Kumi na sita.

Mwenyekiti amenipigia simu. Siku hizi chama kimehamia baharini. Wanapanga matofali makubwa ya saruji ili yaote matumbawe, na wazamiaji hulipia kuyatazama. Ziwa halimshughulishi. Anataka kulifunga tu, faili na vyote.

Jambo lenyewe ni hili. Wanunuzi wa chuma chakavu wamemwendea. Wanataka kulikata boti Jumatatu asubuhi na mapema, lingali limeshikiliwa na maji, kwa kuwa likikauka litalala ubavu na kuwaangukia. Wataanzia nyuma — injini, chumba chake, kila kitu — na winchi itavivuta vipande moja kwa moja hadi kwenye lori. Ila kwa kanuni zetu, chombo kilichozamishwa kwa mafunzo hakiguswi mpaka mkaguzi aliyekizamisha atie sahihi kwamba hakina jambo linalosubiri uchunguzi. Kanuni hiyo niliitunga mimi.

Nikauliza: nisipotia?

"Basi tutangoja likauke lote, tuone la kufanya. Lakini kwa nini usitie, Mwalimu? Tia tu, wote tupumzike."

Wote. Je, anajua? Alikohoa kidogo kabla ya kuagana. Labda alikuwa anakunywa chai.

Tarishi ameniletea karatasi saa tisa. Ukurasa mmoja. Neno "uchunguzi" wamelikosea, wameandika "uchuguzi." Nimelisahihisha kwa kalamu. Sahihi sijatia.


Ijumaa, 14 Machi

Nimekwenda kibandani kwa shemeji kumwambia.

Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu alfajiri, sentensi nne. Alikuwa amechuchumaa, tairi la lori mbele yake, kompresa inapiga kelele kama mtu aliyenyimwa haki. Wateja wawili walikuwa wakimngoja. Aliponiona akainuka, akajipangusa mikono, akawaambia waniamkie vizuri, mimi ni shemeji yake, mtu msomi.

"Mitungi nilijaza, na matairi najaza," akawaambia. "Upepo ni uleule. Tofauti ni kwamba tairi halikushukuru."

Wakacheka. Nikamwomba tukae kando. Tukakaa kando. Nikasema: "Kuna jambo nimelificha."

Akaniwekea mkono begani, mkono mweusi kwa grisi.

"Usiniambie! Umekuja kuniomba radhi kwa kumwoa dada yangu. Nimekusamehe zamani. Yeye ndiye hajakusamehe."

Wateja walicheka mpaka mmoja akakohoa. Shemeji naye akacheka, mdomo wazi, jino la pembeni hana. Akaniambia nisiwe na wasiwasi na Jumatatu, hatanilaumu mbele ya watu. Ataeleza mwenyewe jinsi nilivyodanganywa. Amekwisha kupanga maneno. Akanisomea. Ni maneno mazuri. Mimi ndiye niliyemfundisha kuandika insha.

Kompresa ikazimika, mteja akaita. Nikarudi nyumbani. Grisi haijatoka kwenye shati.


Jumamosi, 15 Machi

Kumi na saba. Sitaha yote iko wazi. Mnyororo tulioufunga umelala juu yake, umegeuka rangi ya kahawa. Kutoka ukingoni naliona tundu lile nililosimama juu yake. Sasa lina maji hadi mdomoni.

Nimefikiri kwa utaratibu, kama nilivyowafunza watoto wa watu.

Nikitia sahihi, Jumatatu mlango utakwenda na chuma chakavu kabla jua halijapanda. Shemeji atafika saa tano na kukuta tope. Atakufa akiitwa mwongo, na ataendelea kuja Jumapili na kunitetea.

Nisipotia, mlango utaonekana. Mwenyekiti atalifungua faili, kwa kuwa lazima alifungue. Shemeji atasoma maneno matano. Atasafishwa, na papo hapo atajua nani aliyemchafua. Dada yake atajua. Binti hatafufuka. Sikio halitapona. Leseni itakuwa karatasi ya kufungia maandazi.

Nikimwambia mwenyewe kabla, nitakuwa nimemnyang'anya kitu kimoja alichobaki nacho, yaani kuniamini mimi.

Nimezipitia zote tatu mara mbili. Hakuna hata moja isiyoishia kwake.

Jioni mke wangu ameiona karatasi juu ya meza. Akauliza ni nini. Nikamweleza habari za wanunuzi wa chuma. Yeye hana habari ya ripoti, anaijua habari ya cheti tu, kama mdogo wake.

"Ukikataa?"

"Watangoja."

"Basi si wangoje!" akasema, akashangaa kwamba hilo ni swali. "Mwenzangu, unaumwa? Siku hizi husahihishi hata redio."

Kisha akanipa habari nyingine. Shemeji amempigia simu mama wa yule binti. Kila mwaka humpigia, na kila mwaka mama yule humkatia simu. Safari hii hakukata. Alimsikiliza mpaka mwisho. Amesema atakuja Jumatatu. Anataka kuuona mlango kwa macho yake.

Mke wangu analia huku anakunja nguo. Ni furaha, amesema. Nikaenda kuosha uso.


Jumapili, 16 Machi

Kumi na saba na nusu. Sikwenda, fundi wa pampu amenipigia simu kunisomea kipimo. Siku hizi hunipigia bila kuombwa.

Asubuhi nimejaribu tena. Nilimwita mke wangu chumbani, nikafunga mlango, nikamketisha. Nikamwambia kwamba baada ya ajali nilishuka. Akasema, "Ulishuka wapi?" Nikasema kule chini, kwenye boti, peke yangu. Akanitazama. Ameishi na wazamiaji wawili miaka arobaini. Anajua maana ya kushuka. Niliona swali linamjia usoni, likafika midomoni. Aliinuka, akasema chakula kitaungua. Hakuna kilichokuwa motoni.

Tangu hapo hajaniangalia. Anaongea nami vizuri tu, kama mtu anayeongea na mgeni wa mumewe.

Shemeji amekuja saa sita. Hakula. Amenyoa ndevu. Anataka twende machimboni mchana huu, aweke mbao juu ya tope kuanzia ngazi ya mawe hadi karibu na boti, ili kesho mama wa binti apite bila kuchafuka. Amekopa mbao kumi na mbili kwa seremala, ziko nje, ameziegemeza ukutani. Amezipiga hadi misumari yote imetoka, asije akachomwa mtu.

Saa nane na nusu tarishi wa mwenyekiti amefika na pikipiki. Amesema anatakiwa kurudi na karatasi kabla ya saa kumi, imetiwa sahihi au haikutiwa, yeye haimhusu. Wanunuzi wanataka jibu ili wapeleke winchi leo. Nimemwambia angoje uani. Shemeji amempa kiti, sasa anamweleza jinsi ya kulinda tairi la nyuma. Nawasikia. Tarishi anacheka.

Mimi niko mezani. Karatasi iko kushoto, daftari liko kulia. Mke wangu yuko mlangoni, amesimama, anafuta sahani iliyokwisha kukauka. Ameitazama karatasi, kisha akanitazama mimi, mara ya kwanza leo. Amesema kwa sauti ya chini, ili uani wasisikie:

"Lolote utakaloandika hapo, utanisomea mimi kwanza."

Nimeitika.

Shemeji anaita kutoka uani. Anauliza kama buti zangu za mpira zitamtosha. Zake zina tundu, na tope la kule linafika magotini. Nimemjibu ziko nyuma ya mlango wa stoo. Ananishukuru. Anasema nisichelewe, mbao ni nyingi, mikono ya mtu mmoja haitoshi.

Ni saa tisa na dakika kumi. Kalamu iliyo mkononi mwangu ndiyo inayongojewa nje. Naiondoa hapa, nitairudisha kwako, daftari, nikishaamua.